Mchicha katika gauni la malkia

Ua la kwanza lilikuwa la mchicha. Si ule mchicha wa kuungwa kwa nazi, ila jamaa yake wa bustani za Ulaya, mwenye mashuke mekundu yanayoning'inia kama mikia. Ukoo ni mmoja hata hivyo. Mtaalamu wa mimea huiandika yote miwili chini ya jina la Amaranthus. Basi katika miaka ya 1830 mchicha huo ulisukwa kwa uzi mweupe, ukapangwa kwenye sketi ya Malkia Adelaide, mke wa Mfalme William IV wa Uingereza.

Malkia aliagiza gauni la lesi kutoka Honiton, mji mdogo wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na agizo lake lilikuwa na masharti mawili. Kila ua linakiliwe kutoka kwa ua lenyewe, kama Mungu alivyoliumba. Na maua yenyewe yachaguliwe hivi kwamba herufi zao za mwanzo, ukiyazunguka kwenye sketi, zitoe jina lake. Ndiyo yakapatikana Amaranti, Dafne, Eglantini, Lilaki, Aurikula, Ivi, Dalia, na Eglantini tena ya kufungia. Kazi ilisimamiwa na Bi Davey wa hapohapo Honiton. Habari hii imo katika historia ya lesi ya Fanny Bury Palliser, iliyochapishwa mwaka 1865.

Msomaji aliyelelewa na mama mwenye sanduku la khanga haoni ajabu nguo kusema. Tofauti ni kwamba khanga husema kwa sauti, maneno yamepigwa chapa na mtaa mzima unayasoma. Gauni la Adelaide lilimsemesha anayejua bustani peke yake. Asiyejua aliona maua tu, akapita.

Mimi lililonivuta ni lile sharti la kwanza. Kwa nini malkia aone haja ya kuagiza kwamba ua lifanane na ua? Jibu halipendezi. Wakati huo lesi ya Honiton ilikuwa imeharibika. Palliser anataja mapambo yaliyokuwa yakitoka vijijini, nayo yalikuwa mikia ya bata mzinga, vikaango, mioyo ya ng'ombe. Hakuna aliyeketi siku moja akaamua kusuka kikaango. Kilichotokea ni kile kinachowapata watoto wakicheza mchezo wa kunong'onezana neno sikioni. Fundi wa kwanza alitazama waridi. Wa pili akatazama kiolezo cha wa kwanza. Wa kumi alikuwa na karatasi iliyotobolewa mara nyingi hadi matundu yamepanuka na mistari imekufa, naye akasuka alichokiona: duara lenye mkia. Kikaango.

Tuwe na huruma, lakini. Aliyesuka kikaango alikuwa na njaa, na njaa hiyo ilikuwa na chanzo chenye jina na tarehe.

Hapo zamani Devon ilijulikana kwa wavu. Kabla ya kuweka ua, ilibidi kuwe na wavu wa kulibeba, nao ulisukwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa uzi wa kitani mwembamba kuliko unywele. Malipo yake yalikuwa ya aina yake. Mnunuzi alitandaza wavu juu ya meza, akamwambia mama aliyeusuka aufunike kwa shilingi. Sarafu zilizoenea juu ya kazi yake ndizo alizoondoka nazo. Sijawahi kusikia bei iliyo wazi kuliko hiyo: upana wa kazi ni upana wa fedha. Kisha mwaka 1809 John Heathcoat akapata hataza ya mashine yake ya kutengeneza wavu wa matundu ya pembe sita, ule ule wa mkono, tena bila kuchoka wala kuugua macho. Usiku mmoja wa Juni 1816 wavunja mashine walivamia kiwanda chake cha Loughborough, wakabomoa mashine 55. Heathcoat akahamisha biashara yake. Akahamia wapi? Tiverton, Devon, katika jimbo lile lile la wasukaji wa wavu.

Kwa hiyo ukilala leo ndani ya chandarua, ukatazama juu ukaona vitundu vya pembe sita, unatazama umbo ambalo zamani mwanamke alilisuka kwa vidole na kulipwa kwa kulifunika na sarafu. Chandarua cha sasa hufumwa kwa mashine ya namna nyingine kabisa. Umbo ndilo lililobaki.

Wavu ulipokuwa rahisi, mikono ikabakiwa na ua. Hapo ndipo ubora wa ua ukawa suala la kula au kulala njaa, maana mashine nayo haikukaa kitako. Ilikuwa ikijifunza kuchora.

Nieleze kwanza lesi yenyewe, maana kwetu neno hili limebeba mizigo mingi. Lesi ya Kariakoo inayouzwa kwa yadi ni ya mashine, na mara nyingi ni kitambaa kilichotariziwa. Vile vitambaa vya makochi ambavyo mama zetu walivifuma jioni redio ikiwa wazi, vikaoshwa kila Ijumaa na kutandikwa upya, ni kroshia: uzi mmoja, kulabu moja, kitanzi ndani ya kitanzi. Lesi ya bobini si kimojawapo. Haishonwi, haitariziwi, haifumwi kwa kulabu. Inasukwa. Kitenzi cha ukili na cha nywele ndicho chake hasa, na kwa sababu hiyo nitamwita anayeifanya msusi bila kuomba radhi.

Bobini ya fundi cherehani ni kile kigurudumu cha uzi wa chini. Bobini ya lesi ni kijiti kirefu kama kidole au zaidi, cha mti au mfupa, kilichozungushiwa uzi kichwani. Kazi zake ni mbili: kuhifadhi uzi na kuuvuta kwa uzito wake ili usilegee. Vijiti hivi huenda viwili viwili, jozi jozi. Mbele ya msusi kuna mto mgumu uliojazwa majani makavu au maranda. Juu ya mto kuna kiolezo, karatasi ngumu yenye nukta zilizotobolewa. Katika kila nukta inasimama pini, na pini ndiyo inayokumbuka umbo wakati nyuzi zinahama.

Mikono ina miondoko miwili tu. Chukua jozi mbili, vijiti vinne. Kijiti cha pili kipite juu ya cha tatu: huko ni kupishanisha. Kisha katika kila jozi, kijiti cha kulia kipite juu ya cha kushoto: huko ni kusokota. Basi. Lesi zote za bobini duniani, kuanzia ukanda wa taulo hadi shela ya malkia, zimetokana na kupishanisha na kusokota kwa mpangilio tofauti. Ukipishanisha, ukasokota, ukapishanisha tena, unapata mfumo mzito, unaofanana na kitambaa cha kawaida. Ukipishanisha na kusokota basi, unapata mfumo mwepesi wenye vitundu vya mshazari, unaopitisha mwanga. Mzito na mwepesi. Kivuli na mwanga. Msusi hana rangi nyingine mfukoni.

Nilifikiri ni rahisi, kwa hiyo nikajaribu.

Nilinunua fungu la mchicha sokoni, nikachagua jani moja zuri, lenye kikonyo kirefu, pana katikati, na pale kwenye ncha lina kapengo kadogo kama limeng'atwa na sisimizi. Nilikuwa nimekula mchicha maisha yangu yote bila kukaona kapengo hako. Mto nilijaza maranda kutoka kwa fundi seremala, nikayashindilia hadi ukawa mgumu kama tumbo la ngoma. Bobini nilifanya vijiti vya mishikaki, nikavikata na kuvilainisha kwa msasa. Pini ni za fundi cherehani. Uzi wa kwanza ulikuwa wa poliesta, nao uliteleza kila mara nilipoachia kijiti. Nikaubadilisha na uzi wa pamba, ukatulia.

Shida ya kwanza haikuwa mikono. Mchicha hunyauka. Nilikuwa bado nachonga penseli, jani limeshaanza kujikunja. Nikalilaza chini ya kioo, nikalichora kwa ukubwa wake, mishipa yote, na nikajisifu kwa mchoro. Kisha nikauhesabu. Mshipa mkuu mmoja, mishipa ya pembeni kumi na tatu, na ukingo unaopanda na kushuka. Mimi nilikuwa na jozi nane.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mchoraji hodari anaweza kuwa mbunifu mbovu wa lesi. Kalamu huinuka. Ukimaliza mshipa mmoja unainua kalamu, unaanza mwingine popote upendapo. Uzi hauinuki. Kila uzi ulioingia kwenye ncha ya jani lazima uende mahali, na pale uendapo uwe na sababu ya kuwapo, na mwishowe utoke kwa njia ya heshima, kwenye kikonyo au kwenye jani la jirani. Mbunifu wa lesi akitazama jani haulizi lina sura gani. Anauliza: ningekuwa uzi, ningepita wapi?

Tena jani lenyewe linajibu, maana nalo lina njia. Maji yanapanda kwenye kikonyo, yanafuata mshipa mkuu, yanagawanyika pembeni. Nikaamua mishipa ya pembeni yote kumi na tatu niitupe. Mshipa mkuu nikauacha, tena si kwa kuongeza uzi bali kwa kuacha nafasi. Katika lesi kuna jozi moja inayosafiri, huvuka jani kutoka ukingo hadi ukingo, inazunguka pini na kurudi, huku nyingine zikishuka taratibu kama wenyeji wanaompisha mgeni. Ukifika katikati, ukaisokota ile jozi msafiri mara mbili zaidi kabla ya kuendelea, mwanya mdogo unabaki. Safari ijayo, mwanya mwingine chini yake. Baada ya safari kumi una mstari wa mwanga ulioteremka katikati ya jani, na jicho linauita mshipa. Hakuna kitu pale. Ni mahali ambapo nyuzi zimeachana.

Upande wa kulia nikausuka mzito, wa kushoto mwepesi, kana kwamba jua linatoka dirisha la kushoto. Jani lilipopanuka niliongeza jozi kwenye pini za pembeni. Lilipopungua nikazitoa, mojamoja, na kila niliyoitoa ilikuwa kama kumwaga mchezaji aliyecheza vizuri. Jioni ya kwanza nilisuka sentimita moja na nusu. Kapengo ka kwenye ncha sikukaweza. Nilianza na ncha butu, nikaacha.

Nilikuwa bado sijagusa jani gumu kuliko yote, lile la nyuzi nne. Hili halijazwi ndani ya mpaka wa pini. Linajishikilia lenyewe hewani. Nyuzi tatu zinasimama kama vigingi, wa nne unapita juu na chini yake kama ukindu wa mkeka, na mkono ndio unaoamua lini umbo litanuka na lini litasinyaa hadi ncha. Ukishalimaliza, ole wako uachie kile kijiti cha nne kabla hujalifunga: jani lote linajikunja kuwa fundo, mbele ya macho yako. Wasusi wa Bedfordshire walitumia majani haya kwa mamia katika kipande kimoja. Thomas Lester, mbunifu na mfanyabiashara wa lesi wa mji wa Bedford, ambaye kazi yake ilipata medali katika Maonesho Makuu ya London ya 1851, aliyafanya yawe majani kweli, yanayoota kwenye tawi na kuelekea upande mmoja kama yamepigwa na upepo. Ukilinganisha na lesi ya kawaida ya wakati wake, ambamo majani hayo yamepangwa kama vigae, unaona mtu aliyewahi kusimama kwenye kichaka akatazama.

Kuna mwanasayansi wa kompyuta wa Kanada, Veronika Irvine, aliyeligeuza swali la njia ya uzi kuwa hisabati. Kazi yake ya shahada ya uzamivu, aliyoikamilisha mwaka 2016, inaanzia pale pale mikono ya msusi inapoanzia: katika kila mkutano wa nyuzi, jozi mbili huingia na jozi mbili hutoka. Kutoka kwenye kanuni hiyo na nyingine chache aliiagiza kompyuta itafute nyavu zote zinazowezekana za ukubwa fulani, ikamletea michoro mingi mno ambayo kabla yake haikuwa kwenye vitabu vya lesi. Napenda habari hii kwa sababu inamheshimu yule mama wa Devon. Alichokuwa akikifanya gizani kwa mshumaa kilikuwa na mantiki ya kutosha kumpa mtu shahada.

Gizani nimesema, na sikutia chumvi. Mwanga wa jioni ulikuwa mshumaa mmoja, na mbele yake mviringo wa kioo uliojazwa maji ili ukusanye mwanga na kuutupa juu ya mto. Wasusi kadhaa waliuzunguka mshumaa huo mmoja, wenye kazi nyembamba karibu, wenye kazi nene nyuma. Moto wa kuni haukutakiwa, masizi yangechafua uzi. Watoto walianza shule za lesi wakiwa na miaka mitano au sita, na shule maana yake ilikuwa chumba cha mtu, vigoda, mito, na nyimbo za kuhesabia pini. Huko Devon wafanyabiashara wengi waliwalipa wasusi kwa bidhaa za dukani badala ya fedha, kwa bei wanayoipanga wao. Kwa hiyo kila ninapoona waridi la lesi kwenye kabati la makumbusho, lenye kibao kinachosifu mbunifu, huwa natafuta jina la aliyesuka. Mara nyingi halipo. Bi Davey ametajwa kwa sababu alisimamia oda. Waliosuka mchicha hawakutajwa.

Miaka michache baada ya Adelaide, malkia mwingine alipeleka Devon agizo kubwa zaidi. Victoria aliolewa tarehe 10 Februari 1840, na lesi yake ilisukwa mwaka uliotangulia katika Beer, kijiji cha wavuvi kando ya bahari. (Jina halihusiani na bia, linatokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kijisitu.) Jane Bidney, mzaliwa wa hapo, ndiye aliyepewa usimamizi, na wanawake zaidi ya 200 walifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa. Inawezekanaje watu 200 wasuke lesi ya bibi harusi mmoja? Hapo ndipo ubunifu wa Honiton unapong'aa. Lesi ya Honiton haikusukwa kutoka ukingo hadi ukingo kama mkeka. Kila ua, kila jani, kila kitawi kilisukwa peke yake kwenye mto wake, na mtu wake. Mmoja alikuwa hodari wa majani, mwingine wa petali, mwingine wa kujaza vitundu vya katikati ya ua. Mwisho vipande vilikusanywa na kupangwa juu ya wavu wa mashine, vikashikizwa kwa sindano. Ndiyo, wavu wa mashine. Waliopoteza wavu walirudi kuupamba.

Kazi ilipokwisha violezo viliharibiwa, ili asipatikane wa kuirudia. Victoria aliipenda lesi hiyo kupita kiasi cha kawaida. Aliivaa tena na tena kwenye sherehe za familia, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela yake ya harusi. Mtindo wa bibi harusi kuvaa gauni jeupe la lesi ulipata nguvu kutokana na harusi yake, ukasafiri na meli na picha na misheni hadi kwetu. Bibi harusi wa Mbagala anayejitazama kwenye kioo cha saluni Jumamosi asubuhi, lesi ya Kariakoo mabegani, anavaa mwangwi wa kijiji cha wavuvi asichokijua. Nimewahi kuitazama lesi ya namna hiyo kwa karibu. Maua yake yalikuwa matano kwa kila urefu wa mkono, yote sawa, kila petali sawa na mwenzake. Mashine haikosei, na waridi la kweli lina petali moja iliyoliwa na mdudu.

Usidhani basi kwamba sanaa hii imebaki makumbusho. Huko Slovenia kuna mji unaoitwa Idrija, uliojengwa juu ya zebaki. Mgodi wake ulianza mwaka 1490 na ulikuwa wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Almadén, Hispania. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanaijua zebaki vizuri, na wanajua inavyomlipa anayeishika. Wanaume wa Idrija waliishika kwa karne tano. Wake zao walisuka lesi ili mshahara wa mgodini ufike mwisho wa mwezi. Mwaka 1876 ilifunguliwa shule ya lesi, na mpaka leo inafundisha watoto, wasichana kwa wavulana. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ususi wa lesi wa Slovenia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mgodi umefungwa. Mito bado inashindiliwa.

Mtindo wao ni kinyume cha Honiton, na kwa mbunifu anayeanza naona una busara zaidi. Hawakati ua vipande vipande. Wanachukua jozi chache, sita au saba, wanasuka ukanda mwembamba, na ukanda huo unatembea: unapinda, unazunguka, unajirudia, unajigusa ubavuni na kushikizwa hapo kwa kulabu ndogo, kisha unaendelea na safari yake. Ua linatokea kwa jinsi ukanda ulivyojikunja. Ni mmea mtambaazi, mkunde au tango, unaotafuta mahali pa kushika. Mbunifu hachori ua, anachora mwendo.

Hata huku barani kwetu mto wa lesi umefika. Pierre Fouché, msanii wa Cape Town, ameichukua kazi iliyoitwa ya kike kwa karne nne akaifanya kazi kubwa ya ukutani. Na huko Ulaya, Waholanzi wa studio ya usanifu ya Demakersvan waliupeleka mpangilio wa maua ya lesi kwenye waya wa uzio, ule uzio wa waya wa matundu unaozunguka viwanja vyetu vya mpira, ukawa una mashada ya maua katikati. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu. Wenye viwanja Dar es Salaam tumechomekea chupa zilizovunjika juu ya ukuta.

Nikarudi kwenye mchicha wangu. Siku ya tano nilifunga kikonyo. Kikonyo kilinishinda kuliko jani: jozi zilikuwa zimebaki nne, na nilitaka kipinde kidogo kama kile cha jani la kweli nililolichora. Nilikihamisha kiolezo mara mbili. Kisha ikabaki kazi ambayo wasusi wanaifanya bila kusemasema, kung'oa pini. Unaanza mwisho, unaziondoa mojamoja, na kila moja inapotoka unashika pumzi, kwa sababu hujui umbo linasimama kwa uzi au lilikuwa linasimama kwa chuma.

Lilisimama. Upande wa kushoto, ule mwepesi, ulikuwa umelegea mahali pawili, na mshipa wa katikati ulipinda karibu na ncha pale nilipohesabu vibaya. Niliubandika ukurasa mweusi nyuma yake, nikauinua dirishani. Binti wa jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni akatazama, akauliza kama lile ni jani la kisamvu. Nikamwambia ni mchicha. Akalisogelea, akalipindua, akasema mchicha una kapengo kwenye ncha.

Nikaenda jikoni kutafuta jani la kuhakikisha. Fungu lote lilikuwa limeingia sufuriani siku nne nyuma.